Kabla Hujafika Segera: mwongozo wa sindano za mgongo na viungo zinazoongozwa na picha

Mtu wa Tanga anayekwenda kutibiwa mgongo mbali na nyumbani kwa kawaida hupita Segera. Pale njia hugawanyika: huku Chalinze na Dar es Salaam, kiasi cha kilomita 350 tangu Tanga mjini, huku Korogwe, Same na Moshi. Kwa mwenye kiuno kibovu, kukaa ndani ya basi saa zote hizo ni ugonjwa wa pili. Basi soma mwongozo huu ukiwa bado nyumbani, tiketi hujakata.

Umeandikwa kwa ajili yako wewe ambaye maumivu yako yamepita miezi 3. Pengine ulikata mkonge miaka 20, au ulikuwa kuli bandarini. Pengine ni mama ambaye ukiinuka kwenye mbuzi baada ya kukuna nazi lazima ushike ukuta. Pengine ni mvuvi wa Moa au Kipumbwi na bega halikubali tena kuvuta nyavu. Umekandwa, umeumikwa, umemeza vidonge vya kila rangi, na sasa mtu amekwambia: "Nenda kachomwe ile sindano ya kwenye mashine, utapona."

Tuiangalie hiyo sindano.

Kwanza, si ile ya tako

Ile ya tako, diklofenaki ikichanganywa na "dekso", inayochomwa duka la dawa kila maumivu yakizidi, achana nayo leo. Ikichomwa vibaya inaweza kuujeruhi mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka mguuni, na hapo utakuwa umenunua maumivu juu ya maumivu. Dekso ya mara kwa mara hupandisha sukari na presha, huivimbisha sura, hudhoofisha mifupa, na huzizoesha tezi za mwili kulala. Duka la dawa ni mahali pa kununua dawa, si pa kuchomwa.

Sindano tunayoizungumzia hapa hupelekwa mahali maalumu: ndani ya goti, ndani ya bega, kwenye nyonga, kwenye viungo vidogo vya pingili za mgongo, au karibu na mshipa wa fahamu pale unapotokea kwenye uti. Ndani ya bomba huwa na vitu viwili. Cha kwanza ni ganzi, inayofanya kazi kwa dakika na saa. Cha pili ni steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, inayoanza kufanya kazi baada ya siku kadhaa na kudumu wiki kadhaa, wakati mwingine miezi michache. Dawa hizi si ngeni: wagonjwa wa baridi yabisi walianza kupewa kotisoni mwaka 1948, na mwaka 1950 waliofanya kazi hiyo walipewa Tuzo ya Nobel.

Picha inafanya nini

Goti lililojaa maji, daktari mzoefu huweza kulichoma kwa kulipapasa tu. Nyonga iko chini ya minofu mizito, jirani na mishipa mikubwa. Mgongoni, umbali kati ya mahali sahihi na mahali pa hatari ni wa milimita. Ndiyo maana picha inahitajika, na picha zenyewe ni za aina mbili kubwa:

- *Altrasaundi*, ile ile inayotazama mimba. Haina mionzi. Hufaa kwa bega, goti, nyonga na misuli.
- *Eksirei ya papo hapo*, mashine yenye mkono uliopinda kama mundu, inayoonesha mifupa wakati sindano ikiingia. Hutumika mgongoni. Mara nyingi daktari hutia kwanza dawa kidogo ya kung'arisha picha, ahakikishe hajaingia kwenye mshipa wa damu. CT skani hutumika pia kwa kazi hiyo.

Lakini lishike hili, maana ndilo linalowapotezea watu fedha: picha inamwonesha daktari ncha ya sindano iko wapi. Haimwambii kama ulistahili kuchomwa. Na ile picha kubwa ya MRI uliyoibeba kwenye bahasha haimwambii peke yake maumivu yanatoka wapi. Ukiwapima watu wa miaka 50 wasioumwa mgongo hata kidogo, takriban 8 kati ya 10 huonekana diski zao zimechakaa. Diski iliyochakaa ni kama mvi. Inaonesha umri, na huenda haina hatia yoyote katika maumivu yako.

Inamfaa nani?

Hapa nitasema wazi, hata kama aliyekuahidi kupona atanikasirikia.

*Bega lililoganda*, lile lisilokubali kufika nyuma kufunga sidiria wala juu kuvaa kanzu: sindano ya steroidi ndani ya kiungo, hasa miezi ya mwanzo, hupunguza maumivu kweli na kukupa nafasi ya kufanya mazoezi. Hapa naiunga mkono.

*Goti lililochakaa na kuvimba*: inaweza kukutuliza kwa wiki kadhaa, kwa mfano una harusi, una msiba, au unataka kuanza mazoezi ambayo maumivu yanakuzuia. Kuifanya desturi ni jambo jingine. Utafiti wa Marekani uliotoka mwaka 2017 uliwafuata watu 140 wenye goti la aina hiyo. Nusu walichomwa steroidi kila miezi 3 kwa miaka 2, nusu wakachomwa maji ya chumvi. Mwishoni maumivu yalikuwa sawa, ila waliochomwa steroidi gegedu lao lilikuwa limelika zaidi.

*Maumivu yanayotoka kiunoni na kuwaka mpaka chini ya goti*, ya mshipa wa fahamu uliobanwa: sindano ya karibu na mshipa inaweza kuleta nafuu, ya wastani, ya muda mfupi. Wengi hupona wenyewe kadiri miezi inavyopita, kwa hiyo kazi ya sindano hapa ni kukuvusha kipindi kibaya.

*Njia ya uti iliyobana ya wazee*, ambapo mtu hutembea hatua chache, miguu ikachoka, akainama au akakaa, ikamwachia: utafiti wa watu 400 uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta kuongeza steroidi kwenye ganzi kulileta faida ndogo au hakukuleta kabisa.

*Mgongo unaouma miaka, mguu hauna neno*: hapa ndipo sindano nyingi huuzwa, na ndipo ushahidi ni mwembamba zaidi. Mwaka 2025 jopo la wataalamu lililochapisha mwongozo katika jarida la BMJ lilishauri kwa uzito watu wenye maumivu sugu ya mgongo, yasiyo ya saratani wala ya ugonjwa wa uvimbe wa viungo, wasipewe sindano hizi kama tiba ya kawaida. Wapo madaktari wa maumivu wanaolipinga hilo, wakisema mgonjwa aliyechaguliwa vizuri hufaidika. Wana haki ya kubishana. Wewe una haki ya kumuuliza daktari: "Mimi nimechaguliwa kwa dalili gani?"

Kuna pia sindano za ute wa goti na za damu yako mwenyewe iliyochujwa, ambazo bei yake ni kubwa. Ile ya damu ilipimwa mwaka 2021 dhidi ya maji ya chumvi kwa watu 288 wenye goti lililochakaa, na haikuyashinda. Usiuze shamba la michungwa la Muheza kwa ajili yake.

> KISANDUKU: USISUBIRI SINDANO, NENDA HOSPITALI LEO
>
> - Ganzi sehemu za siri na makalio, au mkojo na choo vimeanza kugoma au kutoka bila kujua
> - Mguu unazidi kulegea, unyayo unaburuta
> - Homa, jasho la usiku, kupungua uzito pamoja na maumivu ya mgongo
> - Kibyongo kilichojitokeza karibuni
> - Umewahi kuugua saratani, au umeanguka kutoka mnazini, kwenye lori au bodaboda
> - Kiungo kimoja kimevimba ghafla, kina joto, hakiguswi

Mambo matano ya kwetu ambayo daktari lazima ayajue

Vitabu vingi vya sindano vimeandikwa kwa wagonjwa wa nchi baridi. Sisi tuna mambo yetu.

*Kifua kikuu cha mgongo.* Huanza kama maumivu ya kawaida ya kiuno, kikohozi kisiwepo kabisa. Ukitia steroidi mahali penye TB umewapa vijidudu uwanja. Ukiwa na homa za jioni, umekonda, au nyumbani aliwahi kuugua mtu, sema. Matibabu ya TB ni bure katika vituo vya umma.

*ARV.* Hili ni kubwa na watu hulificha. Ritonavir na cobicistat, zinazochanganywa katika baadhi ya dawa za VVU, huzuia ini kuivunja steroidi iitwayo triamsinoloni. Sindano moja tu ya bega inaweza kukaa mwilini wiki nyingi, sura ikavimba, sukari ikapanda, tezi zikalala. Kwetu ritonavir huwa zaidi katika dawa za mstari wa pili, pamoja na atazanavir au lopinavir. Wanaotumia mstari wa kwanza wenye dolutegravir hawana mgongano huo. Chukua kopo la dawa zako, lifunge kwenye kitambaa, mwoneshe daktari peke yake. Shangazi aliyekusindikiza atasubiri nje.

*Sikoseli.* Kijana mwenye sikoseli anayeumwa nyonga huenda kichwa cha mfupa wa paja kinakosa damu na kufa. Hapo anahitaji picha na daktari wa mifupa. Sindano ya kutuliza itamchelewesha.

*Sukari.* Steroidi huipandisha, kwa kawaida siku chache hadi wiki. Kama haijatulia, ahirisha sindano.

*Brusela*, kwa wafugaji wa Handeni na Kilindi na yeyote anywaye maziwa yasiyochemshwa: homa inayokuja na kuondoka pamoja na mgongo unaouma. Ina kipimo chake cha damu na dawa zake.

Hatua kwa hatua: kabla

1. Anzia karibu. Kituo cha afya, hospitali ya wilaya, halafu Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa. Usiruke ngazi. Bila fomu ya rufaa dirisha la bima linaweza kukurudisha ulikotoka, na kwenye nauli hakuna atakayekurudishia senti.

2. Fanya mazoezi wiki 6 kwanza, chini ya mtaalamu wa fiziotherapia. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unaweka elimu na mazoezi mbele. Mikanda ya kufunga kiuno inayotembezwa sokoni, mwongozo huo haushauri itumike kama tiba ya kila siku. Sisi wa Tanga tuna bahati mbili: mji tambarare wenye baiskeli kila uchochoro, na bahari. Baiskeli yenye kiti kilichoinuliwa vizuri ni rafiki wa goti. Kutembea ndani ya maji ya kifuani pale Raskazone, dakika 20, bahari ikiwa shwari, kunaupumzisha mgongo kuliko godoro lolote.

3. Andika maumivu yako kwa maneno matatu: yanaanzia wapi, yanafika wapi, yanakuzuia kufanya nini. "Naumwa mwili mzima" haitamsaidia anayetafuta mahali pa kuchoma.

4. Chagua njia ya Segera kwa simu, kabla ya safari. Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam, hushughulikia mifupa, mgongo na mishipa ya fahamu. Hospitali ya KCMC ya Moshi, iliyofunguliwa 1971, ina madaktari bingwa wa mifupa. Hospitali ya Taifa Muhimbili yenyewe ina madaktari wa radiolojia tiba, yaani wanaotibu kwa kuongozwa na picha: mradi wa mafunzo wa Road2IR ulianza pale mwaka 2018, na mwaka 2019 chuo kikuu cha afya cha Muhimbili (MUHAS) kikaanza kuwafundisha wataalamu hao hapa hapa nchini. Kazi yao kubwa imekuwa kunyonya usaha, kupitisha mirija na kuchukua vinyama vya kupima, lakini mkono unaoongoza sindano kwa picha ni ule ule. Popote uendako, uliza simuni: Sindano ya sehemu yangu inachomwa kwa picha gani? Siku gani? Naweza kuonwa na kuchomwa safari moja? Bima inahitaji kibali? Gharama yote, pamoja na dawa na picha, ni kiasi gani?

5. Toa taarifa ya dawa zako zote. Za kuyeyusha damu (warfarin, rivaroxaban, clopidogrel) usiziache kwa uamuzi wako. Kwa goti mara nyingi si lazima kuziacha. Kwa uti wa mgongo huenda ikabidi, na daktari ndiye atakayepanga siku. Taja pia mzio, ujauzito, jipu au kidonda chochote, na kama umepangiwa kubadilishiwa nyonga au goti. Upasuaji huo usikaribiane na sindano, kwani hatari ya maambukizi huongezeka ndani ya miezi 3.

Ukifunga Ramadhani, muulize shekhe kuhusu sindano na swaumu, na daktari kuhusu sukari. Ni maswali mawili ya watu wawili, usiwabadilishie.

Siku yenyewe

Kazi nzima kwa kawaida haizidi nusu saa, na sindano yenyewe ni dakika chache. Utasafishwa ngozi, utatiwa ganzi ya juu, kisha utahisi msukumo. Ukisikia umeme unapiga mguuni, sema papo hapo, usijikaze. Ujasiri hautakiwi.

Usione haya kutazama mambo mawili: aliyekuchoma amevaa glavu safi, na kichupa cha dawa kimefunguliwa kwa ajili yako, hakikuachwa nusu na mgonjwa aliyepita. Mwaka 2012 kiwanda kimoja cha Marekani kilisambaza steroidi iliyoingiwa na ukungu. Watu zaidi ya 750 waliugua na zaidi ya 60 wakafa. Huko vyombo vyote vya kisasa vilikuwepo, lakini picha nzuri haisafishi dawa chafu.

Shingo ina hatari zaidi ya kiuno. Dawa yenye chembechembe ikiingia kwenye mshipa wa damu unaolisha uti inaweza kuleta kupooza. Nadra, lakini imetokea, na mwezi Aprili 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu sindano za steroidi karibu na uti. Kwa shingo, uliza waziwazi ni dawa gani na uzoefu wa mchomaji ni upi.

Saa za kwanza ndizo zinazosema

Sehemu hii wengi huipuuza. Wanalala, wanakula pilau, wanasubiri muujiza wa kesho. Kumbe taarifa ya thamani zaidi hupatikana siku ile ile, wakati ganzi inafanya kazi. Kama maumivu yako ya kila siku yameyeyuka ndani ya saa hizo chache, mahali palipochomwa ndipo yanapotoka, au pana mkono mkubwa. Kama ganzi imefika na maumivu hayakujali, mhalifu yuko kwingine, na kurudia sindano pale pale ni kupiga mlango wa nyumba isiyo na mtu.

Basi chukua daftari. Yape maumivu alama, 0 hadi 10, ukifanya lile jambo linalokuumiza: kuinama, kupanda ngazi, kusujudu.

| Wakati | Alama | Nimeweza kufanya nini |
|---|---|---|
| Kabla ya sindano | | |
| Saa 1 baadaye | | |
| Saa 4 baadaye | | |
| Siku ya 3 | | |
| Wiki ya 2 | | |
| Wiki ya 6 | | |

Usishangae ukiumwa zaidi siku ya kwanza na ya pili. Steroidi huwasha kabla ya kutuliza. Barafu kwenye kitambaa, paracetamol, basi.

Baada ya hapo

- Usipande basi la kurudi siku ile ile ukichomwa mgongoni. Miguu inaweza kufa ganzi kwa saa kadhaa. Lala kwa ndugu, ondoka kesho, na dereva akisimama Segera au Korogwe shuka unyooshe miguu.
- Usiendeshe pikipiki wala gari saa 24.
- Mwenye sukari: pima mara 2 kwa siku kwa wiki moja.
- Kiungo kipumzishwe siku 1 au 2, halafu mazoezi yaanze. Nafuu inayotumiwa kurudi moja kwa moja kwenye magunia huliwa na magunia.

> RUDI HOSPITALI UPESI UKIONA
>
> - Homa, au kiungo kinazidi kuvimba na kuwa cha moto baada ya siku ya 2 au ya 3
> - Kichwa kinachouma ukikaa na kuacha ukilala. Kikiwa na homa na shingo ngumu, nenda saa hiyo hiyo
> - Udhaifu mpya wa mguu au mkono, au mkojo kugoma
>
> Usimeze diklofenaki kuificha hali hiyo mpaka Jumatatu.

Makosa ninayoyaona mara nyingi

Kuhesabu sindano kama dozi. "Nimeambiwa ni tatu, nimebakiza moja." Hakuna dozi ya sindano tatu. Ya kwanza isipofaa, ya pili inahitaji sababu mpya. Ikifaa, kiungo kimoja kisizidi mara 3 au 4 kwa mwaka, na kwa goti lililochakaa mimi ningebaki chini ya hapo.

Kwenda kwa madaktari wawili bila kuwaambia. Wa mjini amechoma Januari, wa Dar es Salaam anachoma Februari, na hakuna anayejua jumla ya steroidi iliyomo mwilini. Omba karatasi yenye jina la dawa, kiasi, mahali na tarehe, uiweke pamoja na kadi ya bima.

Kuacha mazoezi siku maumivu yalipopungua. Hilo nalielewa kuliko yote. Mtu aliyeumwa miaka 6 akipata wiki 5 za usingizi, ni nani wa kumwambia aamke akunje magoti?

Wiki ya 6 ikifika, fungua daftari, mpigie daktari au rudi kliniki, msomee alama zako kama zilivyo. Kama saa ya kwanza ilikuwa 2 na wiki ya 6 ni 7, mwambie hivyo. Kama umeweza kusujudu tena, au kukaa kwenye mbuzi ukamaliza nazi mbili bila kushika ukuta, mwambie na hilo, kwa sababu kwenye eksirei halitaonekana.